Swali la Maman Verna

Nova Scotia, 8 Septemba 2024

Yaya Kasoki,

Nakusalimu kwa heshima ya mdogo kwa dada yake mkubwa. Naomba barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako mwenyewe, mgongo umetulia. Sisi huku tunaendelea. Mke wangu Charlene anakusalimu sana, bado anafundisha shule ileile. Mimi bado nachomelea vyuma kwenye karakana ya meli, na moshi wake umeanza kunikaa kifuani, lakini usiogope, munganga wa hospitali ameshaniona. Baridi haijafika. Matofaa ya jirani yanaangukia upande wetu wa ua na hatumrudishii. Binti yetu Jémima ameacha kidogo masomo yake ya uuguzi, anapumzika.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwenye karatasi kama papa alivyokuwa anatuandikia bweni, badala ya kukutumia sauti kwenye simu. Bon, jibu unalijua. Sauti nikikutumia asubuhi, mchana Butembo nzima imeisikia, na shangazi wa Goma ameshatoa maoni yake. Na hapa nyumbani kuta ni nyembamba. Barua ya Kiswahili hakuna wa kuisoma ila mimi.

Jambo lenyewe ni la mama mkwe wangu, Maman Verna. Unamkumbuka kwenye picha za ndoa yetu, yule mrefu aliyekataa kucheka mbele ya kamera. Ana miaka themanini na sita sasa. Anakaa ng'ambo ya barabara, tunaona dirisha lake tukiwa jikoni, ila tangu Julai yuko hospitalini, moyo wake umechoka. Baba yake aliitwa Ezra Tynes. Alikuwa askari wa Kanada, akafa huko kwenu Ubelgiji mwezi wa kumi mwaka 1944, yeye akiwa mtoto wa miaka sita. Kaburi lake liko Adegem, upande wa Flandre, kwenye makaburi ya askari wa Kanada. Katika ukoo wao mzima hakuna hata mmoja aliyewahi kufika pale.

Anaomba uende umwangalie. Kuna kitu kimoja anataka kujua. Siwezi kukiandika leo.

Najua unachoka na kazi. Nisingekuomba kama lingekuwa jambo la mchezo.

Mdogo wako,
Guylain

*

Bruxelles, Saint-Gilles, 6 Oktoba 2024

Guylain wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Barua yako niliikuta imelala juu ya matangazo ya pizza chini ya ngazi, nikadhani ni ya mtu mwingine. Ni miaka mingapi sijaona mwandiko wako! Bado unaandika herufi zinaegemea kushoto kama zinasukumwa na upepo.

Mimi sijambo. Nyumba yetu wameipaka rangi mbele, ndani wameacha vilevile. Kazini Laeken, kwenye nyumba ya wazee, hatuna watu wa kutosha, kila mara nabaki zamu mbili. Tumepokea mzee mpya, Monsieur Armand, alikuwa mtawala kule Lubero zamani za Wabelgiji. Aliposikia mimi ni Munande, mtu wa hukohuko, alifurahi akaanza kunisemesha Kiswahili. Kiswahili chake kizuri tu, lakini chote ni cha amri: leta, chukua, funga, ngoja. Nilimuuliza, "Monsieur Armand, 'tafadhali' munasemaka namna gani?" Akafikiri sana, masikini. Akaniambia hakuwahi kufundishwa hilo neno.

Mwambie Maman Verna pole. Namwombea kila siku kanisani, sisemi uongo. Lakini Adegem ni mbali, mdogo wangu. Ni treni mpaka Gand, tena treni mpaka Eeklo, halafu basi ambayo Jumapili haipiti kila wakati. Na mgongo huu. Na mimi na makaburi, unajua mwenyewe. Labda kuna ofisi inayoweza kupiga picha na kuwatumia. Wazungu wana ofisi ya kila kitu.

Halafu nikuulize. Jémima anapumzika nini? Msichana wa miaka kumi na tisa, aliyelilia masomo hayo mwaka mzima, anapumzika? Hukuniandikia kwa karatasi ili kunificha, natumaini.

Yaya wako,
Kasoki

*

Nova Scotia, 21 Oktoba 2024

Yaya,

Natumaini u mzima. Huku majani yote yameanguka. Charlene yuko sawa.

Umeuliza, basi nakujibu.

Mwezi wa saba Jémima alichukua gari la bibi yake kwenda kumletea dawa. Wakati wa kurudi polisi wa mji wetu walimfuata barabara yote mpaka akasimama mbele ya nyumba ya Maman Verna. Polisi mmoja akaja dirishani.

"Gari hili ni la nani?"

"La bibi yangu. Yule pale, dirishani."

Akainua mkono kuonyesha. Hilo tu, yaya. Akainua mkono kuonyesha bibi yake. Yule polisi alimvuta nje ya gari, akamlaza kifudifudi barabarani, akamwekea goti mgongoni. Maman Verna alitoka na ndara, anapiga kelele: "Ni mjukuu wangu! Ni gari langu!" Polisi wa pili akamwamuru arudi ndani. Hakurudi. Alianguka kwenye ngazi ya mlango wake, na mwanangu alikuwa anamwona akianguka, shavu lake limebanwa kwenye lami, hawezi kwenda.

Mimi nilikuwa kazini. Nilikuta gari la wagonjwa limeshaondoka.

Walimwachia Jémima saa ileile. Hana kosa, gari halina kosa, hakuna karatasi yoyote. Bega lake lilichanika ndani, munganga anasema litapona. Lakini hashiki usukani tena, na shuleni harudi. Anakaa jikoni anaangalia dirisha la ng'ambo, na ng'ambo hakuna mtu.

Sasa nikuambie la Maman Verna, kwa sababu uliniambia kuna ofisi.

Watu wake hawakuja huku jana kama mimi. Mababu zake walifika zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Walikuwa watumwa waliokimbilia kwa Waingereza wakati wa vita vya Amerika, wakaahidiwa uhuru na shamba. Uhuru walipewa nusu. Shamba lilikuwa mawe, tena bila hati. Na katika meli zilezile walikuja mabwana na watumwa wao, ambao waliendelea kuwa watumwa hapahapa, jirani na hao walioitwa huru. Mimi nilipofika sikujua lolote katika hayo. Nilidhani weusi wote wa Kanada wamekuja na masanduku kama langu.

Yeye alizaliwa Africville, kijiji cha weusi kando ya maji, pembeni ya Halifax. Walilipa kodi kama wengine. Mji haukuwapa bomba la maji, ukawapa jalala. Baba yake alipokwenda kujiandikisha jeshini, mara ya kwanza walimrudisha nyumbani. Mara ya pili vita vilikuwa vimeshakula watu wengi, wakamchukua. Mama yake aliwapeleka watoto sinema mjini kuangalia picha za vita, labda watamwona baba. Wakapandishwa ghorofani, kwenye viti vya weusi. Kutoka kule juu, anasema, nyuso za askari zilikuwa ndogo sana. Halafu ikaja taarifa kwamba amekufa.

Miaka ya sitini mji ukaamua kukibomoa kijiji chote. Vyombo vyao vilibebwa kwa magari ya taka. Mama yake, mjane wa askari, alikaa mbele karibu na dereva, na medali ya mumewe mkobani. Kanisa lilibomolewa watu wamelala. Mwaka 2010 meya aliomba msamaha mbele ya watu. Maman Verna alikwenda na kofia yake nzuri, akasikiliza, akarudi nyumbani akapika.

Siku ya pili hospitalini, baada ya mambo ya Jémima, aliniita karibu.

"Guylain, dada yako si yuko Ubelgiji?"

"Ndiyo, maman."

"Aende aniangalizie. Walimzika baba pamoja na wengine? Au walimweka peke yake kando, kwenye ukuta?"

Akanieleza kwamba bibi yake mwenyewe alizikwa pembeni kabisa ya makaburi ya mji, karibu na ukuta, kwa sababu ndiko walikowekwa weusi. Miaka themanini, yaya, huyu mama ameishi na swali hilo bila kumuuliza mtu.

Ukishindwa kwenda, niambie tu umeshindwa. Nitamtafutia maneno.

Guylain

*

Bruxelles, Saint-Gilles, 12 Novemba 2024

Mdogo wangu Guylain,

Nakusalimu, namsalimu Charlene, namsalimu kwa namna ya pekee mutoto wangu Jémima. Nilipofika kwenye goti mgongoni niliiweka barua chini nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Mwambie kwamba mimi shangazi yake sina maneno, lakini nimelia.

Nilikwenda jana, sikukuu ya kuisha kwa vita. Picha umeshaziona kwenye simu. Hapa nakuandikia yale ambayo picha haisemi.

Kazini kuna mwenzangu, Anneleen, Mflamand, mtu wa kimya. Nilimuuliza habari za basi ya Adegem. Akaniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia, kwa baba wa mama mkwe wa mdogo wangu. Hakucheka. Kumbe amezaliwa kule kule karibu na Eeklo. Akasema, "Nitakupeleka na gari." Njiani alinisimulia kwamba walipokuwa wadogo shuleni, kila mtoto alipewa kaburi lake la Mkanada la kuwekea maua. La kwake alilijua jina kama jina la mjomba.

Makaburi yenyewe yako kando ya barabara, magari yanapita. Majani yamekatwa vizuri, mawe ni meupe, yote sawa, yamechorwa jani la mti wa Kanada. Tulikuta watu wachache, na mzee mmoja na tarumbeta ndani ya mfuko wa plastiki. Tuligawana, Anneleen akaanza upande ule na mimi upande huu.

Guylain, mimi nilianzia pembeni. Nilitembea ukutani kote kwanza. Nilijisemea, kama wamemweka kando, ni mimi ninayepaswa kumkuta, si huyu msichana. Sikumkuta. Halafu nikasikia Anneleen ananiita kutoka katikati.

Yuko mstarini pamoja na wengine. Kulia kwake kuna kijana wa jina la Kifaransa, kushoto mtu wa jina la Kiskoti. Hakuna nafasi kubwa wala ndogo kati yao. Jiwe lake ni sawa na ya wenzake. Wengine wana maneno ya familia chini ya msalaba, yeye chini hana kitu. Anneleen aliinama akalisoma mpaka chini. Akasema, "Nimekuja hapa utoto wangu wote. Sikujua kulikuwa na mtu mweusi. Jiwe halisemi." Nikamwambia, ndiyo, jiwe halisemi.

Nilimsalimu kwa jina lake. Nikamwambia binti yake Verna yu hai, ana watoto, ana wajukuu, na mjukuu wa mwisho damu yetu imo. Nilimsemesha Kiswahili, sikuwa na Kiingereza. Natumaini hakukasirika.

Sasa nikuambie kwa nini nilichelewa. Si mgongo, na basi ipo.

Ni kwa sababu ya Désiré.

Unajua sisemi jina hili. Tangu lori lao la kakao lilipochomwa kwenye njia ya Eringeti mwaka 2016, watu walipata mwili wa dereva, walipata wa kijana aliyekuwa juu ya magunia, wa mume wangu hawakuupata. Ninyi wote mlitaka matanga. Mimi nilikataa, nikasema hamwezi kulia mtu ambaye labda yuko porini anatafuta njia. Mlininyamazia, na nilijua mnaninyamazia kwa huruma, jambo ambalo lilinikasirisha zaidi.

Niliogopa kwenda Adegem, Guylain, kwa sababu nilijua nitawaonea wivu. Na ndivyo ilivyokuwa. Nilisimama mbele ya mamia ya wanaume wa watu, kila mmoja na jiwe lake, tarehe yake, majani yake yamekatwa, nikawaonea wivu wake zao. Nilimwonea wivu Maman Verna, ambaye baba yake alilala mbali lakini alilala mahali. Nikaona haya. Anneleen alidhani namlilia askari. Nilimwacha adhani hivyo.

Jana nilipotuma picha ulinijibu neno moja: "Amefurahi." Amefurahi namna gani? Alisema nini? Niandikie maneno yake mwenyewe.

Yaya wako,
Kasoki

*

Nova Scotia, 19 Januari 2025

Yaya Kasoki mpenzi,

Salamu za mwaka mpya, ingawa kwetu haujawa mpya sana. Charlene bado amevaa nyeusi. Theluji imefika kwenye madirisha.

Barua yako ya mwezi wa kumi na moja imefika juzi. Unajua watu wa posta huku waligoma karibu mpaka Noeli, na mizigo ilirundikana. Kwa hiyo nilikuwa nimeshakupigia simu kukuambia Maman Verna ametuacha, nimeshakuambia tumemzika, umeshalia nami, kabla sijasoma kwamba ulitembea ukutani kote kwanza. Nimeisoma ndani ya gari mbele ya posta. Nilishindwa kuwasha injini.

La Désiré, yaya, asante kwa kuniambia. Sitasema zaidi, kwa sababu nikisema zaidi nitasema vibaya.

Nianze na maziko, maana kwenye simu nilikuambia kwa kifupi. Kanisa lilijaa. Tulipotoka na jeneza, ilikuwa imepangwa polisi atangulie na pikipiki kufungua njia mpaka makaburini. Ni desturi ya hapa, ni heshima, hakuna aliyekuwa amefikiria. Jémima alikuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari letu. Alipoiona ile pikipiki na taa zake, alifungua mlango akashuka.

"Mtaenda bila mimi," akasema. "Sipiti nyuma ya hao."

Charlene akamwambia, "Njia ni ndefu, kuna barafu."

"Nitatembea."

Akaanza kutembea na viatu vyake vya kanisani, kwa njia ya pembeni. Charlene akashuka akamfuata. Mimi nikashuka. Nyuma nikasikia milango ya magari inafunguliwa, mmoja, mwingine, mwingine, wazee wenye fimbo, mama wa kwaya. Mwisho hata wabebaji walilitoa jeneza garini wakalichukua mabegani. Pikipiki ilibaki pale inaunguruma, haina wa kumtangulia. Hakuna aliyesema neno baya. Waliimba. Tulimfikisha kwa miguu, akalala karibu na mumewe.

Nilikuwa nataka kuishia hapo. Lakini umeuliza maneno yake mwenyewe, umeuliza kwenye barua, umeuliza mara mbili kwenye simu, na kila mara nilikujibu alifurahi. Nisamehe. Nitakuandikia jinsi ilivyokuwa.

Siku uliyotuma picha nilikwenda na simu hospitalini. Alikuwa amekalishwa kwenye mito. Charlene akamsomea majina ya mawe ya pande zote mbili. Akaniomba niikuze picha, nikaikuza. Akaiangalia sana.

"Katikati," akasema.

"Ndiyo, maman. Katikati, pamoja na wenzake. Dada yangu ameona kwa macho."

Nilingoja atabasamu. Nilikuwa nimejiandaa kwa tabasamu hilo, yaya, nilikuwa nimelisubiri tangu Septemba.

"Kumbe walijua," akasema.

"Walijua nini, maman?"

"Namna ya kufanya. Wakati wote ule walijua namna ya kufanya."

Charlene akamshika mkono. Yeye akaendelea, sauti ndogo kabisa. "Nilidhani ni watu wasiojua kutuweka pamoja na wao. Mama alituambia hivyo: hawajui, siku moja watajua. Mtu asiyejua nilikuwa naweza kumsamehe." Akageukia upande wa ukuta. Siku zilizobaki aliongea kidogo tu: maji, mto, Jémima yuko wapi. Habari za baba yake hakuzitaja tena.

Ndiyo maana niliandika "amefurahi". Ulikuwa umeomba ruhusa kazini, ulikuwa umesafiri. Sikutaka ubebe hilo kwenye tramu yako kila asubuhi.

Jibu la malalamiko tuliyopeleka kwa polisi lilikuja wiki moja baada ya maziko. Polisi yule alifanya kazi yake kama alivyofundishwa. Mkubwa wao alipiga simu, mtu mpole, akasema yuko tayari kuja nyumbani kunywa chai na kumwambia Jémima kwamba anasikitika. Jémima aliniomba simu.

"Bibi yangu aliombwa msamaha akiwa na miaka sabini na miwili," akamwambia. "Mimi siwezi kungoja mpaka umri huo. Chai kunyweni huko."

Amepata mwanasheria, dada mmoja anaitwa Aïcha, wazazi wake Wasomali, mkali kuliko baridi ya hapa. Anasema kesi itachukua miaka, na anasema wazi kwamba tunaweza kushindwa. Jémima ameelewa. Shuleni bado hajarudi. Gari la bibi yake liko uani, limefunikwa na theluji, na hakuna anayeligusa.

Usinikasirikie.

Guylain

*

Bruxelles, Saint-Gilles, 24 Machi 2025

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu, na umechelewa kunikumbusha, donc sote wawili tulijua kwa nini.

Salamu kwanza. Mgongo unaendelea na maisha yake, mimi na yangu. Tangu Goma itekwe na waasi shangazi nampata mara moja moja, sauti yake inakatika, lakini yu hai na bado anagombeza. Monsieur Armand alifariki mwezi uliopita. Watoto wake walikuja watatu, wakaondoka siku ileile.

Barua yako niliisomea kwenye tramu, nikapitiliza Laeken bila kujua. Nilikukasirikia. Nilisema, kwa nini ameniambia? Nilikuwa nimempa bibi yule amani, mimi Kasoki, kwa miguu yangu, na sasa mdogo wangu ananiambia nilimpa kisu. Wiki nzima sikutaka kuona hata jina lako kwenye simu. Nilimsimulia Anneleen, nikitumaini atasema bibi alichanganyikiwa kwa ugonjwa. Alikuwa anakunja mashuka. Aliacha kukunja. Akasema, "Elle a raison," bibi yuko sahihi. Basi, akaendelea kukunja.

Ni kweli, Guylain. Nimelifikiri kila upande nikakosa pa kulikosoa. Tungemficha? Angekufa anadhani baba yake yuko ukutani? Sijui. Labda nilipaswa kukuambia niliona mawe tu. Lakini aliuliza, na mtu wa miaka themanini na sita akiuliza, anajibiwa. Umefanya vizuri kuniambia maneno yake. Sasa tuko wawili wa kuyajua kwa Kiswahili.

Mwambie Jémima nimesikia habari ya kutembea. Mwambie kesi ikianza, nauli nitaitafuta, nitakuja kukaa benchi la nyuma, hata kama sitaelewa neno. Na la shule asisukumwe. Bega linapona kwa ndani polepole, mimi nawanyanyua wazee, najua mabega.

Sasa habari yenyewe.

Baada ya barua yako nilianza kumwona Désiré kwenye ndoto, jambo ambalo halijawahi kutokea. Hakuwa porini. Alikuwa amekaa tu kwenye kiti, amechoka, kama mtu aliyewekwa foleni na hakuna anayemwita. Ndoto ya tatu nikaamka nikasema, ni mimi. Ni mimi ninayemweka pale. Kule njiani walimwua siku moja, na mimi hapa Saint-Gilles nimemnyima kulala miaka yote hii.

Nilikwenda kwa padre wa jumuiya yetu, Padre Hilaire, nikamwambia nataka misa na matanga. Hakuuliza kwa nini sasa. Ni mtu wa Bukavu, naye ana wafu wake. Wanawake wa Kivu walipika tangu Ijumaa: sombe, maharagwe, samaki, na bugali ya muhogo sufuria mbili. Nilivaa kitenge cheusi alichoshona Maman Graciella, ambaye sikuwahi hata kumwambia kwamba nina mume. Watu walikuja kuliko nilivyofikiri. Anneleen alikuja na treni, akakaa nyuma na sahani yake, akala sombe yote.

Kabla ya misa kuanza Padre Hilaire aliniita sakristia ili apate kutaja jina vizuri.

"Désiré Paluku," nikasema.

"Na alikufa tarehe gani, maman, niitaje?"

Nilisimama pale, Guylain. Tarehe sijui. Lori lilikutwa limeungua Jumanne, lakini hakuna ajuaye kama aliuawa hapohapo, au walimpeleka mbali, au alitembea siku mbili akaanguka mahali. Hakuna mtu duniani anayeweza kuniambia. Padre alikuwa anangoja, hana haraka, na nje walikuwa wameshaanza wimbo wa kuingilia.

"Sema leo," nikamwambia.

Akaniangalia. Halafu akaitikia kwa kichwa, akaenda, na mbele ya watu wote akasema leo.

Nililia hapo. Niliangua kilio mpaka wanawake wawili wakanishika. Sikuona haya.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nakujulisha rasmi kwamba shemeji yako Désiré amefariki dunia juzi, Jumamosi. Wajulishe Charlene na mtoto.

Yaya wako,
Kasoki